UZI: Nataka CSS (faili za mwonekano) na JS (faili za vitendo) za plagini zilodi kwenye kurasa zake tu, mbona kwa keshia zinapotea?

#1 MshonaKodi_Dar
Wakuu salaam. Nina plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, ule mfumo wa kuendesha tovuti, nimemtengenezea mteja mwenye duka Kariakoo, inapokea oda na kutoa risiti. Kwenye admini (upande wa usimamizi wa tovuti) ina menyu kuu "Orders" na chini yake sabmenyu tatu, Risiti, Wateja na Mipangilio. Sitaki CSS yangu ivuruge kurasa nyingine za admini kwa hiyo nimefunga hivi:

```
add_action( 'admin_enqueue_scripts', function ( $hook ) {
    if ( $hook !== 'orders_page_risiti-duka' ) return;
    wp_enqueue_style( 'risiti-duka', plugins_url( 'css/risiti.css', __FILE__ ), array(), '1.0' );
    wp_enqueue_script( 'risiti-duka', plugins_url( 'js/risiti.js', __FILE__ ), array( 'jquery' ), '1.0', true );
} );
```

Kwangu iko safi. Kwa bosi mwenye duka iko safi. Kwa keshia ukurasa wa Risiti unakuja uchi kabisa, hakuna CSS, kitufe cha kuprinti hakifanyi kitu, na kwenye konsoli (pale brauza inapoonyesha makosa ya kodi) hakuna hata hitilafu moja. Halafu keshia anasema asubuhi huwa sawa, inapotea mchana. Kompyuta ni hiyohiyo moja pale kaunta. Nini hiki?

#2 KacheKwanza
Kache hiyo mkuu, yaani nakala za faili zilizohifadhiwa na brauza. Umeandika toleo '1.0' na bila shaka faili umelibadilisha mara nyingi bila kugusa hiyo namba. Brauza ya keshia imeshika faili la zamani. Weka `filemtime()` (muda faili lilipobadilishwa mwisho) ya faili lenyewe badala ya '1.0', ukibadilisha faili namba inabadilika yenyewe.

#3 bintiWaTanga
@KacheKwanza kama ingekuwa kache angeona staili za zamani, sio uchi. Yeye anasema hakuna kitu kabisa. Faili haliitwi, ndio maana hata konsoli imenyamaza.

Swali kwa mleta uzi: keshia anatumia admini kwa lugha gani?

#4 MshonaKodi_Dar
Dada bintiWaTanga, keshia nilimuwekea Kiswahili kwenye profaili yake, Kiingereza kilikuwa kinamsumbua. Bosi yuko kwenye Kiingereza. Ina uhusiano gani?

#5 bintiWaTanga
Uhusiano upo na ni mkubwa sana, naomba msome hadi mwisho kwa sababu hili jambo linawatesa watu wengi na hawajui.

Ukisajili menyu kuu kwa `add_menu_page`, WordPress inachukua KICHWA cha menyu, inakipitisha kwenye `sanitize_title` (inayokigeuza kuwa jina safi la herufi ndogo), na hicho ndicho kinakuwa mwanzo wa jina la huki (jina la ndani la ukurasa, lile linalokuja kwenye `$hook`) la sabmenyu zote zilizo chini yake. Sio slagi ya menyu kuu (jina fupi la ukurasa linaloonekana kwenye anwani), ni kichwa chenyewe anachokisoma mtu. Menyu ikiitwa Orders, sabmenyu inakuwa `orders_page_risiti-duka`. Kichwa umekiandika ndani ya `__()` ili kitafsirike, sivyo? Kwa keshia kimetafsiriwa "Oda". Kwake yeye huki inaitwa `oda_page_risiti-duka`. Sharti lako linagoma kwa amani kabisa na halipigi kelele yoyote.

Tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016 kila mtumiaji anaweza kujichagulia lugha ya admini. Kwa hiyo saiti moja, seva moja, plagini moja, watu wawili wana majina mawili ya huki kwa wakati mmoja. Hili lina tiketi kabisa kwenye Trac ya WordPress (mahali pa kuripoti hitilafu zake), namba 18857, nendeni mkasome.

#6 Ras_Seva
🔥🔥 Huyu dada apewe soda.

#7 Nyayo254
Manze hii nimeiona Nairobi ikiwa imejificha vizuri sana. Plagini ilikuwa na kichwa cha menyu kilichotafsiriwa, ikaenda kwa NGO yenye watu wa Kifaransa upande wa Goma, huko nusu ya ofisi inaona kila kitu poa na nusu haioni. Tulikuwa tunalaumu intaneti yao.

Lakini mbona kurasa za chini ya Settings hazina hii shida? Ukitumia `add_options_page` unapata `settings_page_kitu` hata admini ikiwa ya Kichina.

#8 bintiWaTanga
@Nyayo254 kwa sababu menyu za WordPress yenyewe hazitengenezwi kwa kichwa. Zinatokana na jina la faili, `options-general.php` ina jina lake maalum ndani ya kodi, "settings", `themes.php` ni "appearance", `upload.php` ni "media", hayo hayapiti kwenye tafsiri. Wanaoumia ni sisi wenye menyu kuu zetu.

#9 mwana_Mutrah
Salaam kutoka Muscat. Nyie wa Oda na Orders mna bahati, mimi wateja wangu admini ni Kiarabu. `sanitize_title` ikikutana na herufi za Kiarabu haizitupi, inazigeuza kuwa alama za asilimia, kwa hiyo huki inakuwa kitu kama `%d8%b7%d9..._page_risiti`. Hebu jaribu kuandika hiyo kwa mkono ndani ya `if`. Ndio maana siku hizi silikisii jina la huki hata siku moja, naliuliza:

```
$this->ukurasa = add_submenu_page( 'duka', $kichwa, $menyu, 'edit_posts', 'risiti-duka', array( $this, 'chora' ) );
```

Hiyo fanksheni inakurudishia jina kamili la huki jinsi lilivyo kwa mtumiaji huyo, kwa ombi hilo. Lihifadhi, halafu kwenye `admin_enqueue_scripts` linganisha `$hook !== $this->ukurasa`. Imekwisha, hujali lugha.

Na kwa wenye wateja wa Kiarabu: CSS ya kulia kwenda kushoto tengenezeni faili la pili `risiti-rtl.css` kisha `wp_style_add_data( 'risiti-duka', 'rtl', 'replace' )`. WordPress itabadilisha yenyewe.

#10 KacheKwanza
Bado nasema asafishe kache. Hiyo ya asubuhi sawa mchana mbaya lugha haiielezi. Keshia habadilishi lugha saa sita mchana.

#11 Kibo_Kodi
Hapo KacheKwanza ana hoja, tusimpuuze. Asubuhi sawa, mchana haipo. Lugha peke yake ingegoma siku nzima.

MshonaKodi, hiyo menyu yako haina kile kiduara chekundu cha idadi ya oda mpya?

#12 MshonaKodi_Dar
Ninacho. Oda mpya zikiingia kinaonyesha namba pembeni ya "Orders". Zikishughulikiwa zote kinapotea.

#13 Kibo_Kodi
Basi mimi nakuja na nadharia yangu na naona ni nzito kuliko ya lugha.

Kiduara umekiweka ndani ya kichwa cha menyu, "Orders" ikifuatiwa na `<span class="awaiting-mod">3</span>`. `sanitize_title` inavua tagi zote lakini namba inaiacha. Kichwa kinabaki "Orders 3", kinageuka `orders-3`. Huki yako inakuwa `orders-3_page_risiti-duka`. Oda ya nne ikiingia inakuwa `orders-4_page_...`. Asubuhi hakuna oda mpya, kiduara hakipo, huki ni `orders_page_...` na kila kitu kinapendeza. Mchana oda zimeanza kuingia, CSS inaondoka. Bosi yeye anaingia usiku oda zote zimeshamalizwa, hawezi kuliona tatizo maisha yake yote.

#14 Ras_Seva
Duh. Kwa hiyo biashara ikichangamka plagini inavua nguo 😂😂

#15 bintiWaTanga
@Kibo_Kodi nimeipenda, ila haijaondoa ya lugha. Keshia akiwa kwenye Kiswahili hata asubuhi huki ni `oda_page_...` na sharti la mleta uzi linataka `orders_page_...`. Ingegoma asubuhi pia.

#16 Kibo_Kodi
Labda tafsiri ya hicho kichwa haipo kwenye faili la lugha. Kuweka Kiswahili kwenye profaili hakumaanishi plagini yako ina faili la `.mo` la Kiswahili. Kama halipo, "Orders" inabaki "Orders".

#17 bintiWaTanga
Na labda asubuhi anayefungua kompyuta ni bosi, akaunti inabaki ya bosi, keshia anaendelea nayo mpaka atakapotoka na kuingia kwa jina lake. Maduka mengi ndivyo yalivyo. Hapo lugha inaeleza asubuhi na mchana bila kiduara.

MshonaKodi tuambie akaunti gani inatumika asubuhi.

#18 MshonaKodi_Dar
Nimempigia hapokei, saa hizi duka limejaa. Nitauliza jioni. Tafsiri ya "Orders" ipo, niliweka "Oda", ila sina uhakika kama faili jipya la lugha nililipandisha kwenye seva.

#19 mzee_wa_PHP
Vijana mnahangaika. Mimi tangu zamani naandika hivi na halijawahi kunigomea:

```
if ( isset( $_GET['page'] ) && 'risiti-duka' === $_GET['page'] )
```

Slagi haitafsiriwi, haina kiduara, haijui Kiarabu. Mambo ya huki waachieni wenye muda.

#20 Nyayo254
Mzee wangu kwa heshima, inafanya kazi ndiyo, ila ukipitisha kodi kwenye viwango vya WordPress vya PHPCS (programu ya kukagua kodi) inakulalamikia kuwa unasoma `$_GET` bila nonsi (alama ya siri ya kuthibitisha ombi). Angalau pitisha `sanitize_key( wp_unslash( ... ) )`.

#21 mzee_wa_PHP
Kijana, nonsi ni ya kulinda kitendo. Hapa sihifadhi kitu wala sifuti kitu, nauliza tu niko ukurasa gani. Lile ni onyo, sio kosa. Kusafisha sawa nakubali.

#22 Pwani_Dev
Kuna njia ya katikati, jina la huki la sabmenyu siku zote linaishia na slagi. Kwa hiyo:

```
if ( ! str_ends_with( $hook, '_page_risiti-duka' ) ) return;
```

Lugha ikibadilika, kiduara kikija, mwisho haubadiliki. Na hata kama hosti bado ni PHP 7, WordPress tangu 5.9 imekuja na hiyo fanksheni yenyewe ndani. Msitumie `strpos` tupu ya kutafuta "risiti-duka" popote, siku mtakapokuja na `risiti-duka-pro` mtakuta faili zinalodi kote kuwili.

#23 mwana_Mutrah
@Pwani_Dev hiyo nzuri kwa anayerekebisha plagini ya mtu mwingine. Kama plagini ni yako, chukua kile fanksheni inachorudisha. Kwa nini ukisie kitu ambacho umeshapewa mkononi?

#24 Pwani_Dev
Kwa sababu sio kila mara kiko mkononi. Nimeona klasi ambayo imetengenezwa kwa `new` mara mbili, moja inasajili menyu nyingine inasajili skripti, ile ya pili `$this->ukurasa` yake ni tupu. Halafu `add_submenu_page` inarudisha `false` kama mtumiaji hana ruhusa ya ukurasa huo. Ukiunganisha kwenye jina la huki nyingine bila kuangalia unabaki na `load-` tupu.

#25 Kibo_Kodi
Kwa hiyo tuiseme njia ya `load-` yenyewe kwa sababu mimi ndiyo naipenda kuliko zote:

```
$ukurasa = add_submenu_page( ... );
if ( $ukurasa ) {
    add_action( 'load-' . $ukurasa, function () {
        add_action( 'admin_enqueue_scripts', 'rd_pakia_faili' );
    } );
}
```

`load-` inaita kabla ya kichwa cha ukurasa kuanza kuchapwa, kwa hiyo unawahi kujiunga na `admin_enqueue_scripts`. Ndani ya `rd_pakia_faili` huna haja ya `if` yoyote, ikiitwa ujue uko kwenye ukurasa wako. Na hapohapo kwenye `load-` unaweza kuweka vichupo vya msaada na kushughulikia fomu.

#26 Fundi_Moro
Sisi wa zamani tulikuwa tunatumia `admin_print_scripts-` ikifuatiwa na jina la huki, ilikuwa kwenye Codex (mwongozo wa zamani wa WordPress) kabisa kama mfano. Hiyo `admin_enqueue_scripts` imekuja juzi na 3.3.

#27 bintiWaTanga
Hapana kaka, `admin_enqueue_scripts` ipo tangu 2.8, mwaka 2009. Kilichokuja na 3.3 mwaka 2011 ni lile onyo la kuita skripti mapema mno, mfano kwenye `init` moja kwa moja, na uwezo wa kuita `wp_enqueue_script` katikati ya ukurasa ikaingia chini kwenye futa (footer, mkia wa ukurasa). Mfano wa `admin_print_scripts-` ulikuwepo kweli Codex, ila maelezo ya sasa yanasema usitumie hizo za print kuingizia faili.

#28 Fundi_Moro
Sawa nimepata. Kumbe basi si unaita tu `wp_enqueue_style` ndani ya ile fanksheni inayochora ukurasa? Ukurasa wako ndio unaoita, hakuna mwingine atakayelodi. Hayo yote ya huki yanaisha.

#29 Pwani_Dev
Kwa JS sawa, itaingia chini. Kwa CSS nayo inaingia chini, ukurasa unachorwa kwanza bila staili ndipo staili ifike. Kwenye mtandao wa polepole mtu anaona kabisa jedwali linaruka.

#30 Asha_wa_Bububu
Naomba niulize kitu tofauti kidogo, mbona mnahangaika hivi? Mimi nalodi kila mahali na wateja hawajalalamika. CSS yenyewe ni ndogo.

#31 Kibo_Kodi
Dada Asha, tatizo sio yako peke yake. Saiti ya kawaida ina plagini ishirini, kila mmoja akisema yangu ndogo, mtu aliyeko Sumbawanga anayetumia bando la simu kufungua ukurasa wa kuandika habari tu anapakua faili za slaida, za fomu, za ramani, za risiti. Ni sawa na kuwasha taa za nyumba nzima kwa sababu unatafuta ufunguo chumbani.

#32 Nyayo254
Na sio uzito tu, ni migongano. Kuna plagini moja ya slaida, siitaji jina, ilikuwa inalodi Bootstrap (mkusanyiko mkubwa wa CSS tayari) nzima admini yote. Bootstrap ina klasi `.card`, WordPress admini nayo ina `.card` yake yenye upana wa mwisho wa pikseli 520. Wakapigana. Mteja anafungua kurasa za plagini yetu anakuta visanduku vimebanana upande mmoja na anatupigia sisi simu, sio wale wa slaida.

#33 mwana_Mutrah
Select2 (skripti ya orodha za kuchagua) pia. Plagini mbili zikisajili zote kwa jina `select2`, anayewahi ndiye anachukua jina, wa pili anapewa toleo ambalo hakulitarajia. Wekeni kiambishi chenu kwenye kila jina la skripti. WooCommerce (plagini ya maduka) hadi wakatengeneza tawi lao wenyewe la Select2, selectWoo.

#34 Asha_wa_Bububu
Hapo mmenishika. Basi mimi kurasa zangu sio za menyu, ni za aina ya posti "nyumba" (nyumba za kupangisha). Huko huki inaitwaje?

#35 bintiWaTanga
Huko utapata `post.php` ukihariri, `post-new.php` ukiongeza, `edit.php` kwenye orodha. Hizo ni za aina zote za posti kwa hiyo huki peke yake haitoshi, unaongeza `get_current_screen()` na kuangalia `post_type`:

```
$skrini = get_current_screen();
if ( ! $skrini || 'nyumba' !== $skrini->post_type ) return;
```

Usiiite mapema, kwenye `admin_init` bado skrini haijawekwa utapata tupu. Kwenye `admin_enqueue_scripts` ipo tayari.

#36 Ras_Seva
Na kwenye multisaiti (WordPress moja yenye saiti nyingi), ukurasa ukiwa upande wa mtandao mzima `id` ya skrini inaongezewa `-network` mwishoni. Wanaolinganisha `id` wajue.

#37 Nyayo254
Nyongeza kwa wa WooCommerce: wale mliokuwa mnaangalia `post.php` pamoja na `shop_order` ili kulodi faili kwenye oda, angalieni upya. Oda zimehamia kwenye majedwali yake ya hifadhidata, maduka mapya tangu 8.2 ya mwaka 2023 yanaanza hivyo, ukurasa sasa ni `admin.php?page=wc-orders`. Tumieni `wc_get_page_screen_id( 'shop-order' )` ikupe jina sahihi kwa hali zote mbili.

#38 mzee_wa_PHP
Mnaona? Kila mtu jina lake. `$_GET['page']` yangu imekaa pale pale.

#39 Pwani_Dev
Mzee, kwenye `post.php` hiyo `page` haipo 😄

#40 MshonaKodi_Dar
Nimerudi wakuu, ahsanteni wote. Nimempata keshia. Asubuhi akaunti ni ya bosi kweli, lakini sio kila siku, kuna siku bosi hayupo na bado anasema asubuhi ilikuwa sawa. Faili la lugha kwenye seva lipo, ila ni la zamani na sijalifungua kuona kama "Orders" imo. Kwa hiyo sijui ni lugha, ni kiduara au ni vyote viwili. Nimebadilisha kwenda ile ya #25 ya kushika kinachorudishwa. Na `filemtime` ya KacheKwanza nimeweka pia.

#41 KacheKwanza
Ikipona msiseme ni huki. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, namba ya toleo na sharti. Hatutajua.

#42 bintiWaTanga
Hilo kweli. Kwenye saiti ya majaribio rudisha sharti la zamani, ingia kama keshia, weka plagini ya uchunguzi ya Query Monitor. Ina paneli ya skrini ya admini inayokuonyesha uko skrini gani, na nyingine ya skripti na staili zote zilizoingia. Jaribu na oda sifuri, kisha na oda moja. Majibu yatakuwa mbele yako.

#43 Kibo_Kodi
Na kiduara kitoe kwenye `add_menu_page`. Sajili menyu kwa kichwa kitupu, halafu kwenye `admin_menu` ya kipaumbele cha mwisho, 999, ongeza span kwenye safu ya `$menu` ya globali. Jina la huki linakuwa limeshatengenezwa, halitaguswa tena.

#44 mwana_Mutrah
Ukishika kinachorudishwa kiduara hakina madhara kwako, jina linabadilika lakini wewe unalo jipya.

#45 Kibo_Kodi
Kwake hakina. Ila mtu mwingine akitaka kuongeza kitu kwenye ukurasa wako kwa plagini yake, atalenga jina gani? `orders-3` au `orders-17`?

#46 Asha_wa_Bububu
Samahani nawarudisha kwangu. Nimefanya ya #35 imekubali. Sasa nina skripti ya bloku (kipande cha kihariri cha WordPress) ya hiyo "nyumba", niliiweka kwenye `enqueue_block_editor_assets`, mbona inalodi hadi kwenye ukurasa wa Wijeti na inatoa onyo la `wp-editor`?

#47 Pwani_Dev
Kwa sababu tangu 5.8 Wijeti nazo ni za bloku na huki hiyo inaita huko pia, na kwenye kihariri cha saiti. Skripti yako inategemea `wp-editor` ambayo haitakiwi kukaa pamoja na kihariri cha Wijeti. Angalia `post_type` ya skrini kama ulivyofanya kule, au toa hicho kitegemezi kama hukitumii. Bandika orodha ya vitegemezi vyako hapa tuione.

#48 Asha_wa_Bububu
Niko kwenye daladala, nikifika Bububu nabandika.